Kofia Zetu: Zilikotoka na Hukumu Yake

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.

Sifa njema zote zamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na Masahaba wake wote. Amma baad.

Ndugu zetu Waislamu, kilichotusukuma kuandika juu ya kofia ni jambo lililotokea mbele ya macho yetu hapa Kimumu, katika msikiti mmoja ambao hatutautaja, kwani kusudi letu ni kutengeneza wala si kuaibisha. Ilikuwa sala ya Magharibi, siku ya mvua na baridi kama ijulikanavyo baridi ya huku kwetu Eldoret. Kijana mmoja mwendesha bodaboda, aliyesilimu miezi michache tu nyuma, aliegesha pikipiki yake, akavua helmeti, akatia udhu, akaingia na kusimama safu ya kwanza kichwa wazi. Mzee mmoja akamshika mkono, akamtoa safuni, akamwambia watu wakisikia: "Hapa ni nyumba ya Mungu, si steji. Nenda kavae kofia kwanza." Kijana akatoka. Sisi tulikuwa safu ya pili. Tulisikia kila neno, na tukanyamaza kwa kumstahi mzee.

Baada ya wiki tatu, kwa kuwa hatukumwona tena, tulimwendea hapo anapongojea abiria. Alitupokea kwa adabu, akasema: "Sheikh, bado natafuta pesa za kofia. Nikiipata nitarudi kusali." Tukamwuliza: "Na nyumbani wasali, mwanangu?" Akajibu: "Nitasalije, Sheikh, na kofia sina?"

Zingatieni, ndugu zetu. Wiki tatu ni siku 21, na siku 21 ni sala 105. Mtu amekwisha kutoa shahada, moyo wake wataka kusali, na kilichomzuia sala 105 ni kipande cha kitambaa! Na hakumzuia mwenye kuupiga vita Uislamu. Tumemzuia sisi, mmoja wetu kwa ulimi wake na sisi wengine kwa kunyamaza kwetu. Ndipo tulipoona kuwa yatupasa kueleza asili ya vazi hili, limetoka wapi na limetufikiaje, kisha tueleze hukumu yake; kwani mtu asiyejua asili ya kitu huenda akakidhania kuwa kimeshuka kutoka mbinguni, kumbe kimetoka mikononi mwa fundi.

Waarabu wa zama za mwanzo walikuwa na vazi la kichwa waliloliita kalansuwa, nalo ni kofia ya kushonwa, huvaliwa peke yake au chini ya kilemba. Iliyokuwa ndogo waliiita kumma, na neno hilo ndilo walitumialo Waomani hata leo kwa kofia yao. Imamu Tirmidhi, aliyefariki mwaka 279 Hijria (892), ametaja katika kitabu chake khabari ya kumma walizovaa Masahaba, na khabari nyingine kuwa Nabii Musa alikuwa amevaa kumma ya sufi siku aliposemezwa na Mola wake. Lakini Imamu huyo, kwa uaminifu wake, hakuficha ila ya mapokezi. Zote mbili amezitia dosari. Kadhalika ile khabari ipendwayo sana na wasemaji wetu, kuwa tofauti yetu na washirikina ni kuvaa vilemba juu ya kofia, yeye mwenyewe amesema kuwa isnadi yake haikusimama. Basi na iwekwe akilini kuwa khabari zitajwazo sana juu ya fadhila za vazi la kichwa hazikuwa imara mbele ya mabingwa wa hadithi.

Ama neno letu "kofia" ni la Kiarabu, kufiyya. Wengi hulinasibisha na mji wa Kufa katika Iraki, uliojengwa mwaka 17 Hijria (638), na wako wanaosema kuwa Waarabu nao walilipokea kutoka lugha za Ulaya. Vyovyote iwavyo, ni jina la bidhaa, liliposafiri bidhaa nalo likasafiri.

Wala tusidhani kuwa watu wa zama hizo waliichukua kofia kuwa ni dini. Mwaka 153 Hijria (770), Khalifa Abu Jaafar al-Mansur aliwaamrisha watu wavae kofia ndefu mno, hata ikabidi zitiwe vijiti vya matete ndani zipate kusimama. Watu walizivaa kwa kumtii mtawala, na washairi wakazifanyia mzaha. Hakuna mwanachuoni aliyesema kuwa asiyekuwa na matete kichwani sala yake haisihi.

Sasa na tuje kwetu pwani. Mwaka 1331 msafiri mashuhuri Ibn Battuta alifika Mogadishu, kisha Mombasa, kisha Kilwa. Ameandika kuwa ilipofika Ijumaa huko Mogadishu, wageni waliletewa nguo za kwendea msikitini: kikoi cha hariri cha kufunga kiunoni, nguo ya kitani ya Misri, joho la kitambaa cha Kudsi, na kilemba cha Misri chenye taraza. Sultani wao naye alivaa joho la kijani la Kudsi na kilemba kikubwa. Na vitambaa vilivyofumwa Mogadishu kwenyewe vilikuwa vikipelekwa Misri. Yaani kilemba chaja, na kitambaa chaenda. Hii ndiyo iliyokuwa hali ya pwani yetu miaka karibu 700 iliyopita. Alipofika Mombasa aliwasifu watu kwa dini yao na wema wao, akaeleza kuwa kwenye milango ya misikiti yao kulikuwa na visima vya maji, watu hunawa miguu ndipo waingie, na kuwa watu wote huenda miguu mitupu. Msafiri huyo aliyeona hata urefu wa mpini wa kata ya kutekea maji hakutaja kuwa kulikuwa na mtu mlangoni wa kukagua vichwa.

Na iliyo nzuri zaidi ni khabari ya Kilwa. Sultani wa huko alikuwa Abul-Mudhaffar Hasan, aliyepewa lakabu ya Abul-Mawahib, maana yake mwenye vipawa, kwa wingi wa kutoa kwake. Ibn Battuta asema kuwa alikuwapo siku ya Ijumaa, Sultani ametoka kusali anarudi nyumbani, akatokea fakiri mmoja wa Yemen akamsimamisha njiani na kumwomba nguo alizovaa. Sultani akamkubalia. Fakiri akasema azitaka saa ile ile. Sultani hakuona haya wala hakukasirika. Alirudi msikitini, akaingia katika nyumba ya khatibu, akavua nguo zile na kuvaa nyingine, kisha akamwita fakiri aje azichukue. Yule maskini akazifunga furushi, akajitwika kichwani, akenda zake. Watu walimshukuru sana Sultani wao. Mwanawe akazikomboa nguo zile kwa watumwa kumi, kama yalivyokuwa mambo ya zama zile, na Sultani aliposikia shukrani za watu akaamrisha fakiri aongezewe watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe.

Tumeisimulia khabari hii kwa urefu kwa sababu ya mahali ilipotokea. Ilitokea kando ya msikiti, siku ya Ijumaa, na mambo yenyewe ni ya nguo. Mfalme alirudi msikitini kuvua nguo zake ampe maskini. Sisi twamtoa maskini msikitini kwa kuwa hana nguo. Ipimeni wenyewe tofauti hiyo.

Hiyo ni khabari ya vilemba na majoho. Je, kofia hasa? Mwaka 1498 merikebu za Vasco da Gama zilipofika pwani ya kusini, mmoja wa waliosafiri naye aliandika aliyoyaona siku kwa siku. Mwezi wa Januari, kwenye mto wa Quelimane, walijiwa na wakubwa wawili wa nchi. Mmoja alivaa kilemba chenye taraza ya hariri, na wa pili alivaa kofia ya atlasi ya kijani. Walipofika Msumbiji mwezi wa Machi, waliona Waislamu wenye nguo za kitani na pamba za milia ya rangi mbalimbali, na vichwani wana vilemba vyenye mapindo ya hariri yaliyotariziwa kwa nyuzi za dhahabu. Wareno wakamtunukia mkubwa wa hapo kofia zao za Kizungu na vitu vingine. Akavidharau vyote, akataka kitambaa chekundu cha thamani, nao hawakuwa nacho! Malindi, mwezi wa Aprili, mfalme alikuja kuwalaki amevaa joho lenye mapindo ya atlasi ya kijani na kilemba cha thamani. Hivyo, kabla Mzungu hajatia nanga katika bahari yetu, watu wa pwani walikuwa na vazi la kichwa, tena la nakshi, na walikuwa na jicho la kutambua kitambaa kizuri na kibaya.

Wala si vyote vilivyonunuliwa ng'ambo. Katika magofu ya Kilwa wachimbaji wamefukua visahani vidogo vya udongo vyenye tundu katikati, vilivyotengenezwa kwa vigae vya vyungu vilivyovunjika. Hivyo vilikuwa vya kutia kwenye kijiti cha kusokotea uzi wa pamba. Mtu wa Kilwa alisokota uzi wake mwenyewe, na palipo na uzi na sindano na jua kali la pwani, kofia nyeupe nyepesi haikawii kuzaliwa.

Na kofia yetu ya mkono, wale wasioijua kazi yake huiona rahisi. Ina sehemu mbili tu, kifuniko cha duara juu na ukuta wa kuzunguka kichwa. Lakini fundi kwanza huchora nakshi kwenye kitambaa, kisha mshonaji, na aghlabu ni mwanamke aliye nyumbani, huifuata nakshi ile kwa sindano, mshono baada ya mshono, na vile vitundu vidogo vipitishavyo hewa kila kimoja hutobolewa na kuzungushiwa uzi pande zote kisipate kuchanika. Kofia moja huchukua wiki nyingi, na iliyo bora huchukua miezi. Mafundi wa Lamu, Siyu na Pate wamesifika kwa kazi hii, na Unguja vile vile. Ziko familia zilizokula na kusomesha watoto kwa sindano hii. Siku hizi zimejaa madukani kofia za mashine kutoka China. Hatusemi ni haramu, ila aliyewahi kushika ya mkono hahitaji kuelezwa tofauti.

Na lililo la ajabu ni kuwa wengi hudhani kofia hii tuliletewa na Waarabu. Ama desturi ya kufunika kichwa, naam, ilikuja na Uislamu na biashara. Lakini kofia hii ya nakshi za vitundu Waomani wenyewe husema kuwa ilitoka Unguja na pwani yetu ya Afrika ya Mashariki ikaenda kwao, mpaka leo imekuwa vazi la heshima la taifa lao. Basi kijana wa Kiswahili anapodhani amevaa Uarabuni kichwani, huenda Mwarabu naye amevaa Uswahilini! Na jambo hili si la kujifakharisha, bali ni dalili kuwa mavazi ni mambo ya watu, hutoka hapa yakaenda kule.

Huku bara kofia ilipanda kwa miguu pamoja na misafara ya karne ya 19, ile iliyofika Baringo na Mumias, kisha ikaja na askari na reli. Reli ilifika Eldoret mwaka 1924, na pamoja na wafanyakazi na wachuuzi wakaja Waislamu wa kila jinsi: Waswahili, Wanubi, Wasomali, Wahindi, kila mmoja na kofia ya kwao. Wazee wetu walisimama safu moja, huyu na kofia ya viua, huyu na tarabushi nyekundu, huyu na kilemba, na hatukupokea kwao kuwa waligombana.

Hiyo tarabushi nayo ina mazingatio makubwa. Mwaka 1829 Sultani Mahmud wa Pili wa Uturuki aliwaamrisha maofisa wake waache vilemba wavae tarabushi. Walikuwapo waliochukia, wakaona ni uzushi. Hata miaka 100 haikutimia. Mwaka 1925 serikali ya Mustafa Kemal ikaharimisha tarabushi na kuwalazimisha watu kofia za Kizungu, na safari hii tarabushi ndiyo iliyokuwa imekwisha kuwa alama ya Uislamu, watu wakafa kwa ajili yake. Mwanachuoni Atif wa Iskilip alinyongwa mwezi wa Februari 1926, na kilichotumiwa dhidi yake ni kitabu kidogo alichoandika kupinga kuwaiga Wazungu na kofia zao. Mwenyezi Mungu amrehemu. Dhulma aliyofanyiwa ni dhulma dhahiri. Lakini tazameni jinsi vazi lilivyogeuka: lililoitwa uzushi mwaka 1829 likawa dini mwaka 1925. Miaka 96 ilitosha.

Sasa hukumu. Mwenyezi Mungu katika sura ya Al-Aaraf, aya ya 31, ametuamrisha kuchukua pambo letu kila tuendapo kusali, na hapana shaka kuwa kofia au kilemba ni katika pambo kwa watu ambao ada yao ni hiyo. Kwa hivyo twasema wazi, asije mtu akatusingizia: kusali na kichwa kilichofunikwa ni jambo zuri, nasi twalipenda na twalifanya. Wanavyuoni wa madhehebu ya Hanafi wameona karaha kwa mwenye kuacha kwa uvivu na kupuuza. Lakini nguzo za sala zajulikana, na sharti zake zajulikana. Utupu wa mwanamume katika sala, kwa madhehebu yetu ya Shafii, ni baina ya kitovu na magoti. Kichwa hakimo. Hapana imamu katika maimamu wanne aliyesema kuwa sala ya mwanamume kichwa wazi ni batili.

Na ukitaka dalili iliyo karibu zaidi, mtazame aliyehirimia Hija. Amesimama Arafa, siku iliyo bora na mahali palipo patukufu, amekatazwa kufunika kichwa! Anasali kichwa wazi kwa amri ya sharia. Lau kichwa wazi kingekuwa ni utovu wa adabu mbele ya Mungu kwa dhati yake, kisingeamrishwa hapo. Na katika Sahihi ya Muslim imepokewa kutoka kwa Abdullah bin Umar kuwa Mtume (S.A.W.) alikwenda kumzuru Saad bin Ubada alipokuwa mgonjwa, na pamoja naye Masahaba zaidi ya kumi, hawana viatu, wala khofu, wala kofia, wala kanzu, wakatembea hivyo mpaka wakafika. Hao ndio bora wa umma huu. Hebu na tujiulize: lau wangeingia msikitini kwetu Kimumu kwa hali ile, wangesimama safu ya ngapi?

Wala si sisi wa kwanza kuulizwa mas-ala haya. Mwaka 1903 Waislamu wa Transvaal, Afrika ya Kusini, walimwandikia Mufti wa Misri, Sheikh Muhammad Abduh, wakamwuliza juu ya Mwislamu avaaye kofia ya Kizungu katika shughuli zake. Akajibu kuwa ikiwa mvaaji hakukusudia kutoka katika Uislamu, si kufuru. Na ikiwa ameivaa kwa haja, kama kujikinga na jua au kuondoa dhara, hata karaha haimo. Alishambuliwa sana magazetini, na mwanafunzi wake Rashid Rida akamtetea katika Al-Manar, jarida lililosomwa hata na mashekhe wa pwani yetu, miongoni mwao Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa. Ikiwa kofia ya Mzungu haimtoi mtu katika dini, kichwa kisicho na kofia kitamtoaje safuni?

Yuko atakayesema: "Mwawafungulia vijana mlango wa kudharau." Twamjibu kuwa kijana hufundishwa adabu kwa upole, baada ya sala, wala hafukuzwi kabla yake. Na tena, kumsifu mtu kwa sababu ya kofia yake tu, hali hatujui muamala wake sokoni wala nyumbani, ni kumvisha kilemba cha ukoka. Tumeona kofia za thamani juu ya vichwa vya waliokula mirathi ya mayatima.

Tulipomaliza kumweleza haya yule kijana hapo stejini, adhana ya Alasiri ilikuwa imekwisha adhiniwa. Tukasali naye nyuma ya kibanda, juu ya gunia safi, naye kichwa wazi. Nasi tulivua kofia yetu tukaitia mfukoni, si kwa kuwa ni sunna, ila moyo wake upate kutulia kuwa tuliyomwambia twayaamini.

Tulimwendea na mzee pia, kwani haki yake kwetu ni kubwa. Alitutolea kofia aliyoachiwa na babake, iliyoshonwa Lamu, nyuzi zimegeuka rangi ya samli. Akasema: "Sheikh, mimi chuoni nilipigwa kwa kusahau kofia. Sikuambiwa kuwa ni ada. Niliambiwa ni sala." Hatukuwa na la kumlaumu. Aliyemfundisha naye alifundishwa hivyo. Ametukubalia kuandika haya kwa sharti tusimtaje, na amesema atamwendea kijana mwenyewe. Hata leo tunapopeleka karatasi hizi kupigwa chapa bado hajapata kumwendea, kwa kuwa magoti yanamsumbua na mvua haijakatika. Na kijana msikitini bado hajaonekana, ingawa twajua kuwa nyumbani anasali.

Darasa letu litaendelea na mlango wa sharti za sala, baina ya Magharibi na Isha kama kawaida, na aje mwenye kofia na asiye nayo. Na yeyote aliye na hoja ya kielimu kinyume cha tuliyoandika, na atuletee kwa maandishi pamoja na dalili zake. Tutaichapa hapa hapa bila kuipunguza.

Wabillahi tawfiki. Wassalaamu alaykum.